Sikuwahi Kumrekodi Baba

Siku tuliyomzika baba yangu, watu walipanga foleni kupiga picha na mwanamume mwingine. Nilimwona mama akiwatazama kutoka kiti cha mbele, leso yake imekunjwa magotini, na sikuwa na mtu wa kumlaumu. Wale walikuwa wageni wangu. Mimi ndiye niliyewaita.

Niseme kwanza huyo mwanamume mwingine alikuwa nani.

Nilikuwa na miaka minane watu wa runinga walipokuja shuleni kwetu Kanyakine kutafuta mtoto. Walitaka msichana anayesoma Kiswahili bila kukwamakwama na asiyeogopa watu. Mwalimu wangu aliwaambia waje kanisani Jumapili wanisikie nikiimba. Baba ndiye aliyekuwa akifunza kwaya. Siku za kazi alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kama majirani wote, mwenye mabuti ya mpira na panga mkononi, lakini Jumapili alivaa koti la kijivu, akasimama mbele ya watu thelathini na kuwaongoza kwa kidole kimoja tu. Kabla ya kila wimbo aliinama kwa kila kundi na kulivumia sauti yake, midomo imefungwa, kama nyuki. Siku hiyo niliimba beti mbili peke yangu. Jumatatu nikaambiwa nimechaguliwa.

Mchezo ulikuwa wa familia moja ya mji mdogo: mwalimu aliyefiwa na mkewe, na binti yake wa pekee. Tuliurekodi wakati wa likizo, katika nyumba ya kupanga nje kidogo ya mji wa Meru. Aliyeigiza baba alikuwa mwalimu kweli, mtu wa Kanja, upande wa Embu. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito na mikono iliyojua mahali pa kukaa, tofauti na sisi wengine ambao tukiona kamera mikono inatushinda. Karibu kila kipindi kiliisha hivi: yeye anachukua mkoba wake kwenda kazini, mimi namkimbilia mlangoni na kumwuliza, "Baba, na mimi?" Maneno matatu tu. Watu waliyashika nchi nzima. Makondakta waliniambia, wauza mboga waliniambia, hata daktari wa meno aliniambia nikiwa nimefungua mdomo.

Baba yangu alinipeleka kila siku ya kurekodi. Alinibebea begi la nguo za kubadilisha na chupa ya uji, kisha akaketi nje kwenye ngazi za mlango wa jikoni mpaka jioni, kwa sababu ndani walisema hapana nafasi. Siku moja gari la vifaa lilipiga honi, na mkubwa wa kurekodi akamwambia baba kwa ukali kidogo afungue geti, akidhani ni mlinzi. Baba aliinuka akafungua. Gari lilipoingia akafunga, akarudi kuketi. Niliyaona yote kupitia dirishani, nikiwa nimevaa gauni la yule msichana wa mchezo. Nilikuwa na miaka tisa. Ningeweza kusema, "Huyo ni babangu." Sikusema, na jioni tukienda nyumbani yeye pia hakulitaja.

Mchezo ulidumu miaka minne. Mwaka wa mwisho nilirefuka ghafla, kichwa changu kikawa kinafika begani mwa yule mwalimu, na magauni yakawa yakifupika kila mwezi. Walitaka mtoto, na mimi nilikuwa nimeacha kuwa mtoto. Hawakunieleza hivyo. Likizo iliyofuata hawakupiga simu, basi. Nikaenda sekondari ya bweni, ambako wasichana waliniita kwa jina la kwenye mchezo hadi nikamaliza kidato cha nne. Walimu wawili watatu nao waliniita hivyohivyo.

Baba alitumaini nitakuwa mwalimu. Alama hazikutosha, na kusema kweli moyo wangu haukuwa huko. Nikaingia muziki. Kulikuwa na studio mjini Meru, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo, na ukipanda ngazi ulipokewa na harufu ya dawa ya kupe kabla hujasikia ala yoyote. Nilirekodi hapo nyimbo saba, nne za Kiswahili na tatu za Kimeru. Mmoja ulipigwapigwa redioni. Nikaanza kuitwa harusini, kwenye michango ya makanisa, kwenye sherehe za shule. Nilidhani nimefika.

Kisha nikaalikwa Embu, kwenye mkutano wa vijana uwanjani. Nilikuwa katikati ya wimbo niliouandika mwenyewe, wimbo wa nyanya yangu aliyekufa bila kuona bahari aliyotamani kuiona, nao ulikuwa unaniliza kila nikiuimba. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Baba, na mimi?" Uwanja wote ukacheka. Wengine wakaitikia. Niliacha kuimba. Nikaleta maikrofoni karibu nikayasema yale maneno kwa sauti ya mtoto, na nikapigiwa makofi ambayo wimbo wangu wowote haukuwahi kupata. Tangu siku hiyo washereheshaji waliniomba nianze nayo kabisa, ili watu watulie. Ndipo nilipoelewa kwamba watu hawa hawakuja kunisikia. Walikuja kuona mtoto wao amekuaje.

Nilikaa na uchungu huo karibu mwaka mzima. Baadaye nikaamua kwamba kama watu wanamtaka mtoto yule, basi heri mimi niwape kuliko kunyang'anywa. Nikafungua chaneli mtandaoni, nikaanzisha programu yangu. Kila Jumamosi saa kumi alasiri, katika chumba changu cha kupanga Meru, niliweka simu juu ya rundo la vitabu, nikaonyesha kipande cha kipindi cha zamani, nikasimulia siku tuliyokirekodi, nikajibu maswali, na mwishoni nikaimba wimbo mmoja. Wengi walitoka kabla ya wimbo. Lakini walirudi Jumamosi iliyofuata, na walileta wenzao. Walikuwepo wa Meru na wa Embu, na waliokwenda Ughaibuni, ambao walisema sauti ya yule mwalimu inawakumbusha nyumbani.

Kwa hiyo nikamtafuta mwalimu. Alikuwa amestaafu, yuko kwake Kanja na mkewe, analima majani chai kidogo na kufuga ng'ombe wawili. Alikubali mara moja. Nilikuwa nikienda Kanja mara mbili kwa mwezi, tunaketi barazani kwake, namrekodi saa nzima akisimulia. Alikuwa na kipawa cha kusimulia hata jambo dogo, jinsi sufuria ilivyoungua, jinsi mvua ilivyotukatiza, na mtu akasikiliza mpaka mwisho. Mashabiki walimpenda upya. Kwenye ukurasa wa programu niliweka picha yetu, nikaandika chini yake: baba na binti. Sikufikiria mara mbili.

Baba alikuwa na simu ndogo ya kubonyeza, isiyoonyesha chochote. Habari za programu alizipata kwa majirani. Hakuwahi kuniuliza, ila mara moja. Nilikuwa nimeenda nyumbani kumsaidia kupogoa kahawa, mwezi baada ya mavuno. Alikuwa mbele yangu na msumeno mdogo, mimi nakusanya matawi. Akasema bila kugeuka:

"Hiyo programu yako inaitaga watu wa aina gani?"

Nikamweleza: walioigiza, waliorekodi, mashabiki wa zamani.

"Na mimi nikija, nitaulizwa nini?"

Nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, nilicheka kama mtu anavyocheka mzee wake akitania. Nikamwambia watu wanataka kusikia mambo ya mchezo, na yeye hakuwa kwenye mchezo.

"Ni kweli," akasema. "Mimi nilikuwa nje."

Akaendelea kukata. Msumeno ulikwenda na kurudi, na matawi yakaanguka. Baada ya muda nikasema, tutapanga siku, baba, nitakuja na simu. Akasema haya. Hatukupanga. Kahawa ilichanua, ikavunwa, ikapogolewa tena.

Alipoanza kukonda, mama alisema ni kazi. Alipokataa chakula, tulimleta hospitalini Meru, na madaktari wakatuambia ugonjwa ulikuwa tumboni kwa muda mrefu. Nilikuwa nakaa karibu, hivyo nilimwona kila siku. Nilimpelekea uji, nikamnyoa ndevu, nikamsomea Zaburi. Wodini pia walinitambua. Muuguzi mmoja alimwuliza baba anajisikiaje kuwa na mtoto maarufu, na baba akajibu kwa upole kwamba huyu mtoto aliimba kabla ya kuwa maarufu. Jumamosi ya pili niliondoka saa tisa ili niwahi programu. Nikiwa mlangoni nilimsikia akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili: "Ana kazi saa kumi." Alisema kama anayenitetea, ingawa sidhani yule mgonjwa alikuwa amenishtaki.

Alifariki Jumatatu asubuhi. Mama alikuwa naye. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, napanda na chupa ya uji.

Sasa jambo ninaloona aibu kuliandika. Jioni ile niliandika kwenye ukurasa wa programu kwamba baba amefariki, na siku ya mazishi, na mahali. Sikuwa nimepanga lolote. Nilikuwa nimezoea tu, kila kitu changu nilikiandika pale. Rambirambi zikamiminika, na baada ya dakika chache nikaona picha za mwalimu wa Kanja zimezungushiwa mishumaa. Watu walidhani ni yeye. Mke wake alinipigia simu akisema kwamba jamaa wameanza kuja nyumbani wakilia na mzee yupo zizini anakamua. Ikabidi niandike tena: aliyefariki ni baba yangu mzazi, wa Kanyakine, mwalimu yu hai na mzima. Watu wakafurahi. Waliweka alama za furaha. Mmoja aliandika, "Afadhali. Nilikuwa nimeshtuka."

Siku ya mazishi walikuja kwa magari mawili, wengi wamevaa fulana zenye picha ya mchezo, mimi nikiwa na miaka minane na mwalimu amenishika bega. Hawakuwa watu wabaya. Walileta shada kubwa, waliimba tulipoimba, walisimama tuliposimama. Mwalimu na mkewe walikuwa wamefika mapema kuliko wote, wakaketi nyuma kabisa na wanakwaya. Lakini simu zilimpata hukohuko. Kila alipoinua kichwa palikuwa na mtu amesimama kando yake akitabasamu kwa kamera, na yeye akiwaomba kwa sauti ya chini wangoje, wangoje kwanza.

Baada ya kusomwa wasifu wa baba, mshereheshaji, ambaye nadhani alitaka kutuliza majonzi, alimwita mwalimu mbele. Alisema Mungu amechukua baba mmoja lakini ametuachia mwingine, baba yetu sisi sote. Kisha akanigeukia akaniomba, kwa heshima ya siku hiyo, niyaseme yale maneno ambayo Kenya nzima inayakumbuka.

Nilisimama. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu tayari. Jeneza lilikuwa hatua mbili kushoto, na mwalimu alikuwa hatua mbili kulia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa. Nadhani mdomo wangu ulikuwa umefunzwa kabla yangu. Nilimtazama mwalimu nikasema, "Baba, na mimi?"

Watu wakaguna kwa kuridhika. Wengine wakapiga makofi, kisha wakayaacha kwa kukumbuka wako wapi. Mwalimu hakunijibu kama alivyokuwa akijibu kwenye mchezo. Alichukua maikrofoni kutoka mkononi mwangu, akasema, "Leo si siku yangu," akairudisha, akaenda kuketi. Halafu kwaya ikaanza kuimba bila kuagizwa na mtu, na wakaimba mpaka tukafika kaburini.

Watu walipoondoka nilimkuta mama jikoni, amesimama kati ya masufuria ya mukimo wa viazi na mahindi. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikabaki nimeshika mlango.

"Wageni wako walikula wote?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi sawa," akasema, akaanza kukusanya vijiko.

Wiki ile nilitafuta sauti ya baba. Nilifungua simu yangu, ile ya zamani, na kompyuta, na kadi zote za kurekodia. Sauti ya mwalimu ilikuwepo kwa saa zisizohesabika, akicheka, akikohoa, akimwita paka. Sauti ya baba haikuwepo popote. Kulikuwa na picha chache za harusini, yeye ukingoni. Simu yake ya kubonyeza haikutuma ujumbe wa sauti. Alipiga, tukazungumza, tukakata, na mazungumzo yakaisha hapohapo. Nilimpigia mkubwa wa kurekodi wa zamani kumwuliza kama kuna vipande vilivyobaki, labda sauti zilizoingia kutoka nje. Alinisikitikia kwa dhati. Akasema zamani walikuwa wakiwaomba watu wa nje wanyamaze.

Mwezi uliofuata nilienda Kanja bila simu ya kurekodia. Mwalimu hakuuliza. Mkewe alituletea chai na mihogo ya kuchemsha, akatuacha. Nilimwomba radhi kwa yaliyotokea, naye akasema yeye ndiye aliyepaswa kukaa nyumbani kwake, ila asingeweza kukosa, kwa sababu baba yangu alikuwa amemtembelea.

Sikuelewa. Nikamwuliza alimtembelea lini.

"Mchezo ulipoisha," akasema. "Wewe ulikuwa kidato cha kwanza. Alikuja na mkungu wa ndizi begani, akakaa hapo ulipokaa. Alinishukuru kwa kukutunza. Halafu akaniambia, 'Mwalimu, huyu mtoto mtazidi kukutana. Watu watasema ni wako, na mimi sitaweza kuwazuia. Lakini wewe usimwite hivyo.'"

Niliweka kikombe chini.

"Nikamwahidi. Nje ya mchezo hujawahi kunisikia nikikuita mwanangu."

Nikamwambia sikuwa nimetambua.

"Hukutakiwa utambue."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia wakati baba yu hai, wakati nilipokuwa nikija mara mbili kwa mwezi na kuandika yale niliyoandika chini ya picha. Akasema kama angeniambia, ningemwalika baba kwenye programu kwa kumwonea huruma, na mtu aliyekuja na mkungu wa ndizi begani kutoka Kanyakine hadi Kanja hakuwa akitafuta huruma. Sijui kama alikuwa sahihi. Nililia pale barazani, na mwalimu aliniacha nilie, hakunishika bega.

Niliifunga programu. Nilitangaza Jumamosi moja kwa dakika tano, nikashukuru, nikazima. Baadhi walinielewa, baadhi waliniandikia kwamba nimewasahau walionifikisha nilipo. Chaneli bado ipo, vipindi vya zamani bado vinatazamwa, na ile picha imo, ila maneno ya chini nimeyafuta. Bado naimba harusini. Mtu akiniomba maneno ya mchezo namwambia siwezi, na kama anasisitiza nashuka jukwaani. Kazi zimepungua.

Kuna jambo moja nililojaribu. Nilienda kwa wazee wanne waliokuwa na baba kwenye kwaya tangu mwanzo, nikawaomba kila mmoja anionyeshe baba alivyomvumia sauti yake. Nilidhani nitaziunganisha. Walikubali kwa furaha. Mzee wa besi alivuma chini sana, kama mashine ya kusaga. Wa tenori alivuma kupitia puani. Mama wa alto alifumba macho akavuma taratibu, akasema hivi ndivyo, hakubadilisha hata kidogo. Wa nne aliwasikia wenzake akasema wote wamekosea, akavuma kwa namna yake. Niliwarekodi wote. Nilisikiliza nyumbani mara nyingi, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja. Zilikuwa sauti nne za watu wazima waliompenda. Yake haikuwemo.

Sasa naenda Kanyakine karibu kila wiki. Mama hajawahi kuzungumzia ile siku wala programu. Ila majuzi tulikuwa tukichambua kahawa kwenye turubai, tunatoa zilizooza, na bila kuulizwa akasema, "Hata hivyo, baba yako hakuwa mtu wa kupenda kurekodiwa."

Mikono yake haikusimama. Nilijua si kweli, na alijua kwamba najua. Nikasema, "Ndiyo, mama, hakupenda," nikavuta kahawa nyingine upande wangu.